Vyumba Tisa vya Majivu

Mwaka ule, ukitaka kuingia kwa Joska Ayot, ulipiga hodi hewani. Usicheke. Mlango wenyewe ulikuwa pengo la hatua mbili kati ya mistari miwili ya majivu, chini, kwenye udongo wa kiwanja kimoja cha Namuwongo, Kampala, kando ya reli. Watu wazima wenye akili zao timamu walisimama pale, wakakohoa kidogo, wakasema hodi, wakangoja. Kama Joska hajaitika, hakuna aliyethubutu kuuvuka ule mstari. Hata mimi ninayesimulia ningengoja.

Mambo yalianza na sabuni. Ulikuwa mwaka wa tatu wa vile vilivyoitwa vita vya uchumi, na katika vita hivyo sabuni ndiyo iliyotangulia kufa, ikafuatwa na chumvi, halafu sukari. Ungeweza kulizunguka soko zima la Nakivubo toka asubuhi usiambulie hata kipande, ila kwa mtu wa kukunong'oneza, ambaye kwanza angekutazama miguuni ajue kama umevaa viatu vya jeshi. Watu walifulia majani ya mpapai. Maofisa wakubwa walinukia manukato juu ya jasho, na kila mtu alijifanya hasikii.

Joska hakuwa na shida hiyo. Kwao Kitgum mama yake alikuwa amemfundisha kuchuja majivu: chungu kilichotobolewa chini, majivu ndani, maji juu, kisha unakaa na subira yako huku matone ya rangi ya chai yakidondoka. Kwao maji hayo yalitiwa kwenye mboga. Lakini alipoolewa na askari akaenda kukaa kambini, wanawake wenzake walimwonyesha kwamba maji hayohayo, yakiwa makali, ukiyachemsha pamoja na shahamu ya ng'ombe na kukoroga mpaka mkono ufe ganzi, huganda yakawa sabuni. Sabuni yenyewe nyeusi, mbaya ya sura, lakini povu lake, jamani! Majivu aliyapata kwa kuchoma maganda ya matoke, maana kama kuna kitu Kampala haijawahi kukikosa, vita vije vita viende, ni maganda ya matoke.

Mumewe alikuwa Sajini Okeny. Miaka minne nyuma, asubuhi moja kweupe, watu waliingia katika chumba chao cha kambini bila hodi, wakamchukua akiwa na kiatu kimoja mguuni. Mlango wa chumba kile haukuwa na komeo kwa ndani. Joska aliambiwa aondoke kambini kabla ya Jumamosi, akaondoka, na tangu hapo alilala jikoni kwa Phelister, Mkenya mmoja wa Namuwongo mwenye mdomo mkali na roho nyeupe. Mlango wa jiko lile ulikuwa gunia. Upepo ukilitikisa, Joska anakurupuka. Kwa hiyo ukimuuliza alitaka nini duniani, hakuwa na orodha. Alitaka chumba kimoja chenye mlango, na mlango wenye komeo kwa ndani. Basi.

Mume wa Phelister aliitwa Owino. Alikuwa na kibanda cha vyuma chakavu Nakivubo, na mdomo wa kukuuzia kivuli chako mwenyewe ukashukuru. Yeye ndiye aliyeleta shahamu kutoka kwa wachinjaji, na yeye ndiye aliyeziuza sabuni za Joska. Moja kati ya hizo ikafika mlimani, chuo kikuu, ikaangukia mikononi mwa mwalimu wa kemia aliyeitwa Dakta Otema.

Dakta Otema alikuwa mtu mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi sikio moja. Alikata kipande cha ile sabuni akakipima maabara, akakuna kichwa, akapima tena. Siku ya tatu akateremka mwenyewe mpaka Namuwongo kumtafuta aliyeitengeneza, akamkuta Joska amechutama, ameweka tone la maji ya majivu kwenye ncha ya ulimi.

"Mama, usifanye hivyo! Yatakuchoma!"

"Yamenichoma miaka ishirini, Daktari. Bado robo siku yawe tayari."

Dakta akatoa mfukoni kidude chake cha kioo, akakitumbukiza, akakisoma, akavua miwani akakisoma tena kwa karibu. Kidude kilisema maneno yaleyale ya ulimi. Alicheka mpaka akakaa chini na suruali yake ya ualimu, na hakuinuka hadi treni ya saa kumi ilipopita.

"Kule juu," aliwaambia, "tuna vitabu vya kutengeneza sabuni, na wanafunzi wangu wananuka. Wewe mama una sabuni lakini huna paa. Owino ana wateja wa kugombana na bidhaa yake haitoshi kujaza kapu. Sasa nani alitukataza kukaa mahali pamoja?"

"Serikali," alisema Phelister.

"Mama Phelister, serikali kila siku inasema redioni tujitengenezee vitu wenyewe. Sisi ni watu watiifu."

Ndivyo ndoto ilivyoingia. Dakta aliipa jina refu, Mtaa wa Ubunifu wa Chuo, Biashara na Wakazi wa Namuwongo, na Phelister akasema jina hilo likilazwa kwenye reli litafika Tororo. Wengine walipaita Kwa Majivu. Kiwanja kilikuwapo, kitupu: mwenyewe, Mhindi aliyekuwa akiweka magunia ya pamba hapo, alipewa siku tisini kama wenzake wote akaenda zake, na bohari lake liling'olewa mabati, mbao, na msumari wa mwisho. Ilibaki ardhi na kimya.

Kilichokosekana ni ramani. Dakta alitaka kuichora kwenye karatasi, Owino akamshika mkono. Mtu kukutwa na ramani mfukoni siku zile! Hata kama umechora njia ya kwenda msalani, ungeulizwa ni kambi gani hiyo na nani amekutuma.

"Ichore chini," Joska alisema. "Majivu yaliyochujwa ninayo tele, nayatupa tu. Ichore kwa ukubwa wake wenyewe."

Wakaichora. Dakta na wanafunzi wake wawili walivuta kamba na kupigilia vigingi, na Joska akapita nyuma yao na mkebe uliotobolewa, akimwaga majivu meupe juu ya kamba, taratibu, kama mtu anayetia chumvi. Chumba cha sabuni. Chumba cha mafundi wa mabati. Chumba cha baiskeli na pampu za maji. Chumba cha vitabu. Darasa. Ghala. Duka la kutazama barabara, la Owino. Jiko kubwa la wote. Hivyo ni vinane.

"Na cha tisa?" aliuliza Owino.

"Cha mwenye funguo," alisema Dakta. "Mtaa lazima uwe na mtu wa kulala humu. Mama Joska, mlango wako uelekee wapi?"

Tangu siku ile ya kiatu kimoja hakuna mtu aliyemuuliza Joska mlango wake uelekee wapi. Alikwenda akasimama penyewe, akageuka huku na huku, kisha akanyoosha mkono mashariki. Akamwaga majivu ya chumba kile peke yake, na alipofika mlangoni alichora kwa ndani kijimstari kidogo, cha urefu wa kiganja.

"Hiki nini?" aliuliza Phelister.

"Komeo."

Phelister akageuka akaanza kukunja kamba.

Kesho yake huyohuyo Phelister alikuja na sufuria kichwani akakata moja kwa moja katikati ya kiwanja. Joska akamwita kwa sauti ya juu: "Wee! Umepita ukutani kama jini! Mlango huuoni?" Watu wakacheka, Phelister naye akacheka, akarudi nyuma, akazunguka, akapita mlangoni. Ilikuwa mzaha. Lakini mzaha ule ulinoga, ukakaa. Wiki ya pili hakuna aliyeruka mstari. Wiki ya nne watu walishasahau kwamba unaweza kurukwa. Mwanafunzi aliyebeba kuni mzigo mzima alizunguka hatua thelathini kuufuata mlango, na jasho likimtoka. Owino alitema mate siku moja kupitia dirisha la darasa, ambalo halikuwapo, akakemewa na darasa zima, ambalo lilikuwapo.

Na kazi ilifanyika, tena kazi ya kweli. Sabuni zilikatwa, pampu ya kwanza ilivuta maji kutoka kwenye kinamasi cha Nakivubo, mafundi wa Kawempe walikuja kujifunza na kufundisha. Asubuhi ukungu ulipanda kutoka bondeni ukaifunika ardhi kiasi cha magoti, na waliofika mapema walionekana wakielea kutoka chumba hadi chumba, wakikunja kona, wakiinamisha vichwa kwenye milango iliyokuwa mifupi. Nani aliamua ni mifupi? Sijui. Mchana jua lilipowaka, wanafunzi walikaa kwenye kivuli cha ukuta wa chumba cha vitabu. Ukiwauliza kivuli kiko wapi, walikutazama kwa huruma. Joska aliketi mlangoni kwake akiwasikiliza, na mara nyingine alifumba macho akasikia kabisa harufu ya mbao mpya za mlango. Moyo wake, uliokuwa umekunjwa miaka minne, ulianza kunyooka.

Kila magharibi aliyapita majivu kwa mkebe wake akirudishia palipofifia. Miezi minne ilipita hivyo.

Kisha likaja tangazo: kila aliyekaa kwenye kiwanja kilichoachwa aandike kwa ofisi ya mkoa, aeleze jengo na matumizi yake, la sivyo kitapewa mwingine. Dakta Otema akaketi kwenye chumba cha vitabu, akaandika barua ya kurasa mbili kwa mwandiko wake mzuri. Aliandika kwamba jengo lina vyumba tisa. Aliandika milango inaelekea wapi, jiko lina meko mangapi, na kwamba chumba cha tisa kina komeo kwa ndani. Akawasomea. Wote waliisikiliza, Owino mjanja wa Nakivubo, Phelister asiyepitwa na jambo, Joska mwenyewe. Wakatikisa vichwa wakasema barua ni nzuri, haijaacha kitu.

Hakuna hata mmoja aliyekumbuka. Ndugu yangu, watu werevu vile! Barua ilikuwa imekwenda siku tatu ndipo Owino, amekaa dukani mwake, mvua ndogo ikaanza kunyesha, ikamwangukia utosini. Akatazama juu. Akaona mawingu.

"Mama yangu," alisema. "Tumekwisha."

Kuidanganya serikali mwaka ule hakukuwa kosa la faini. Kulikuwa na mahakama ya askari kwa hujuma za uchumi, na waliotoka humo salama walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Barua ilikuwa na jina moja chini yake, Dakta Otema. Owino alimwambia avuke mpaka aingie Kenya jioni ileile. Dakta akasema akikimbia watawakamata waliobaki. Akaendelea kuja kila siku, miwani na uzi wake, akifundisha kwa sauti iliyokuwa imepungua kidogo. Joska alijua mtu anayengojwa na askari huonekanaje.

Zilipita wiki mbili. Kisha asubuhi moja Landrova ikasimama barabarani, akashuka kapteni mmoja na askari watatu. Kapteni aliitwa Wanyama, mtu mnene wa makamo, macho mekundu ya usingizi mchache, karatasi mkononi. Aliisoma karatasi, akatazama kiwanja, akaigeuza karatasi nyuma kama nyumba huenda iko upande wa pili.

"Nyumba iko wapi?"

Watu kama thelathini walisimama kila mmoja chumbani mwake, na ukungu ulikuwa haujaisha. Kapteni akakunja uso, akainua buti na kuanza kuja moja kwa moja.

"Ee! Ukuta huo!"

Alikuwa Phelister. Mdomo ulimtoka kabla ya akili, kama kawaida yake, na mara akaufunika kwa viganja viwili. Askari mmoja akashusha bunduki begani. Lakini Kapteni Wanyama alikuwa amesimama na mguu mmoja hewani. Aliutazama mstari chini ya buti lake. Alitazama watu, jinsi walivyokuwa wameshtuka wote, si kwa bunduki, bali kwa ule mguu. Sijui ni mama yake aliyemjia kichwani, au ni uchovu tu. Aliushusha mguu upande wa nje. Akatembea kando ya mstari mpaka akafika kwenye pengo, akasimama, akasafisha koo.

"Hodi," alisema, kama neno lililomkwama kwenye meno.

"Karibu, afande," watu thelathini waliitika pamoja.

Akaingia, karatasi mkononi, akakagua. Chumba cha kwanza, sabuni: aliona sabuni kweli, zimepangwa kwenye ubao zikikauka. Cha pili, mabati: kulikuwa na taa za mabati na majiko. Kila chumba aliingilia mlangoni na kutokea mlangoni, na askari wake wakamfuata kwa mstari mmoja, wa mwisho akiinamisha kichwa. Owino akamletea maji kwenye birika na kipande cha sabuni. Kapteni alinawa mikono. Alinawa mara ya pili. Povu lilimfika viwikoni, naye akalitazama muda mrefu kama mtu anayesikiliza wimbo wa zamani.

Mwisho akafika chumba cha tisa. Joska alikuwa mlangoni.

"Na hapa?"

"Kwangu, afande."

"Hiki kimstari kidogo?"

"Komeo." Akakionyesha kwa kidole. "Waliomchukua mume wangu hawakupiga hodi. Sajini Okeny. Mlango wetu ulikuwa haufungwi kwa ndani. Mimi nataka mlango unaofungwa kwa ndani, basi, sitaki kingine."

Kapteni aliangalia pembeni. Alikunja karatasi, akaikunjua, akavuta pumzi.

"Sikieni nyinyi. Mimi si mtoto, na nyinyi si wazimu. Hapa hapana nyumba. Nikiandika hapana nyumba, mwalimu huyu amedanganya serikali, anakwenda na mimi leo. Nyinyi wengine hamkuandika kitu, mtaachiwa; kiwanja kitupu hakigombaniwi na mtu, mkae na majivu yenu mjenge." Akaigonga karatasi kwa kidole. "Au naandika nyumba ilikuwapo, vyumba tisa kama alivyosema, na leo nimeibomoa kwa sababu za usalama. Hapo mwalimu hajadanganya mtu. Lakini kiwanja kitapewa shemeji ya meja mmoja, amekwisha kukiomba aliposikia kina jengo." Akamgeukia Joska. "Hapa wanasema mwenye funguo ni wewe. Sema, upesi."

"Niliyeandika ni mimi," alisema Dakta Otema, akitoka chumba cha vitabu, kwa kupitia mlangoni. "Nichukue, afande, watu hawa waache."

"Nyamaza, Daktari," alisema Joska.

Alikitazama chumba chake. Palikuwa na mkeka aliokuwa ameanza kuusuka, na jiwe la kukalia, na jua la asubuhi limeingia kwa mlango wa mashariki mpaka katikati, vilevile alivyokuwa amepanga. Alikitaka chumba kile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Angesema neno moja angekuwa nacho.

"Nimeshaona mtu akitolewa chumbani," alisema. "Chumba hakikaliki tena baada ya hapo. Bomoa, afande."

Kapteni akawaashiria askari. Wakainua mabuti.

"Hapana!" Joska alipaza sauti. "Nyumba yangu sitaki ivunjwe kwa buti. Nitaibomoa mwenyewe. Nipeni ufagio."

Phelister ndiye aliyeuleta, machozi yakimshuka mpaka kidevuni. Joska akaanza dukani kwa Owino, akaenda ghalani, darasani, chumba hadi chumba, akifagia kuta pole pole, na waliokuwamo wakatoka mmoja mmoja, mlangoni kwanza. Treni ilipita, abiria wakaona mwanamke anafagia kiwanja mbele ya askari, wakageuza nyuso. Cha tisa alikifagia mwisho. Alianza kuta tatu, akaja wa nne, akafagia lile komeo kwa kiganja cha mkono, kisha akasimama pale penye pengo, ambapo sasa hapakuwa na pengo wala ukuta, akageuka upande kidogo kama mtu mwenye mzigo, akatoka mlangoni.

Kapteni aliandika kwenye karatasi yake. Aliandika kwamba jengo la vyumba tisa limebomolewa. Landrova ikaondoka na sabuni mbili ambazo Owino, mfanyabiashara hata siku ya msiba, alikuwa ameziweka kwenye kiti.

Dakta Otema alivuka mpaka kuingia Kenya wiki ileile, juu ya lori la binamu yake Owino, akiwa na miwani na barua ya Joska kwa mtu wa kwao aliyekuwa Nairobi. Alilia wakati wa kuagana, akasema barua aliyoiandikia serikali ndiyo aibu ya maisha yake. Joska akamwambia haikuacha kitu. Sabuni zikarudi jikoni kwa Phelister, nyuma ya gunia. Wanafunzi wakapotelea mlimani. Joska hakukipita tena kile kiwanja. Alizunguka kwa njia ya sokoni, mbali kama nini, ili asikione.

Shemeji ya meja alikuja mara moja tu, na gari jipya la Pijo. Kiatu chake kilizama kwenye tope.

"Jengo liko wapi? Nimeambiwa lina vyumba tisa."

"Limebomolewa, mkubwa," alisema Owino kwa heshima zote. "Kwa sababu za usalama. Iko kwenye faili."

Yule bwana akatukana, akapangusa kiatu, akaenda kuomba duka la mjini. Nani anataka kiwanja ambacho jeshi limebomoa jengo lake? Hakikuombwa tena na mtu.

Halafu mvua za mwezi wa nne zikaja, mvua hasa, za kulala nazo na kuamka nazo. Wiki ya tatu Phelister aliingia jikoni mwake amelowa chapachapa, akamshika Joska mkono na kumvuta bila hata kumwacha avae kandambili.

"Twende ukaone."

"Sitaki kuona kitu kule."

"Twende, mwanamke, kabla sijakubeba!"

Walifika. Mvua ilikuwa imepumzika, ukungu unapanda. Joska alisimama barabarani, mkono mdomoni.

Kwa miezi minne watu walikuwa wamekanyaga sakafu za vyumba vile mpaka zikawa ngumu kama saruji, hata jani halikuota hapo. Lakini kuta hakuna aliyezikanyaga. Si mara moja. Udongo wa kuta ulikuwa umebaki laini, umelishwa majivu kila magharibi, na ufagio haukuweza kufagia kile kilichokwisha zama. Majani yalikuwa yameota humo, mabichi, mazito, yanafika magotini, yamenyooka kwa kamba ya Dakta Otema. Chumba cha sabuni. Chumba cha mabati. Cha vitabu. Duka. Vyote tisa vilikuwa vimesimama, na penye kila mlango, ambapo miguu yote ilipita, palikuwa peupe.

Joska alitembea kando ya ukuta mpaka kwenye mlango wa mashariki. Akaingia kwake, akaketi juu ya jiwe lake, akalia kwa sauti, na Phelister akabaki nje kwa adabu, kwa kuwa hakuwa amekaribishwa.

Siku hiyohiyo chungu kilihamishwa. Owino akaleta shahamu. Kufikia mwisho wa mwezi mwanafunzi mmoja alionekana amekaa kwenye kivuli cha chumba cha vitabu.

Na asubuhi moja, Joska akiwa chumbani mwake anakoroga sabuni, akasikia mtu anakohoa nje. Hakugeuka.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi Wanyama."

"Wanyama yupi?"

Akakohoa tena. "Yule wa kubomoa."

Joska akatazama kwa pembe ya jicho. Alikuwa amevaa shati la kiraia, kofia mkononi, mnene vilevile, amesimama kwenye lile pengo ambalo hata ndama angelivuka bila kufikiri. Ncha za viatu vyake vilikuwa nje ya mstari wa majani.

"Unataka nini?"

"Mama watoto anauliza kama sabuni ipo."

"Ngoja hapo."

Akaendelea kukoroga. Sabuni ilikuwa haijashika, na hakuona sababu ya kuiharakisha. Jua lilipanda, likamfikia Wanyama utosini, akajipangusa kwa kofia lakini hakusogea. Jasho lilimtoka. Treni ya saa nne ilipita, ukimya ukarudi, bado amesimama. Joska alisikiliza pumzi za mtu aliyengoja mlangoni kwake, na kifua chake kikajaa, kikajaa, mpaka akatabasamu ndani ya chungu.

Sabuni iliposhika, aliweka mwiko chini. Akajifuta mikono kwenye kanga, moja, halafu nyingine. Akainuka, akaenda mlangoni, akanyoosha mkono hewani, kimo cha kifua, akalivuta komeo.

"Karibu," alisema.